Kokeji kwenye meli za kitalii: chupa ipi ulipie dola 15, ipi unywee chumbani

Kokeji ya meli, yani ile hela wanayokutoza ukipeleka chupa yako mwenyewe mezani kwao, sio wizi kama watu wanavyoisema, ila inategemea umebeba chupa gani na wanakulipisha wakati gani. Mi nimeilipa, na kwa chupa ileile ningelipa tena bila kusita, lakini kuna chupa zingine nisingekubali kuzitolea hata dola moja. Shida ni kwamba watu hawapigi hesabu, wanaona dola 15 wanakasirika, alafu kwa hasira hiyohiyo wananunua waini ya meli kwa hela nyingi zaidi.

Sisi tuliokulia Dar kokeji tunaijua kwenye kumbi za harusi. Kamati ya vinywaji inahangaika kutafuta bia kwa bei ya jumla, mnafurahi mmeokoa, alafu mwenye ukumbi anawaambia sawa leteni vinywaji vyenu ila kila kreti ina hela yake. Kwenye meli ni hivohivo, wana baa yao na wana waini yao, wewe ukija na chupa yako mezani kwao wanataka chochote kwa ajili ya glasi, barafu, na mtu wa kukufungulia na kukumiminia. Na hata kama chupa yako haina kizibo, ni ile ya kifuniko cha kuzungusha, unalipa tu, maana hela ni ya kukaa pale mezani na kuhudumiwa.

Sisi tulipandia Galveston hapa Texas, safari ya kwenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, na kurudi, familia nzima, mimi na mume wangu, shemeji yangu na mke wake waliotoka Tanzania kututembelea, na mama mkwe. Jina la kampuni siliweki kwa sababu kuna jambo nitalisema huko chini na sitaki ionekane nawachafua, lakini utaratibu wao ni uleule wa kampuni kubwa za meli kama Carnival na Royal Caribbean, yani kila mtu mzima aliyefikisha miaka 21 anaruhusiwa kupanda na chupa moja ya waini au shampeni ya mililita 750, haijafunguliwa, siku ya kuanza safari tu, na ibebwe kwenye begi la mkononi. Ukiinywea chumbani kwako hulipi kitu, ukiipeleka kwenye ukumbi wa chakula au mgahawa wa steki au baa ndo dola 15.

Hapo kwenye begi la mkononi mniskilize vizuri jamani. Usije ukaiweka chupa kwenye lile begi kubwa unalomkabidhi mchukuzi nje pale bandarini, mashine inaiona, begi linashikiliwa, jioni wenzako wote wameshabadili nguo wewe bado umevaa zilezile za asubuhi, unaitwa ushuke chini kwa watu wa usalama ukafungue begi mbele yao. Alafu waini ya boksi hawataki kabisa, Carnival hawaruhusu na Norwegian hawaruhusu, kwaiyo hata kama boksi lina bei nzuri liache nyumbani. Pombe kali ndo usijaribu. Ukali wote huu umetokana na watu kuingiza vodka kwenye chupa za maji na za dawa ya kusukutulia mdomo, ikafika mwaka 2015 Carnival wakapiga marufuku wageni kupanda hata na maji ya chupa, ukitaka soda au maji unabeba ya kopo au ya pakiti. Wanaoumia ni mama zetu wasiogusa pombe maisha yao yote na walikuwa wanataka maji yao tu.

Na ujue kwanini wanakomaa hivi. Tiketi peke yake haiwatoshi. Mwaka 2023 kampuni mama ya Carnival iliingiza dola bilioni 21.6, na katika hizo karibu bilioni 7.5 hazikutoka kwenye tiketi, zilitoka kwenye vitu wageni wanavyonunua wakishapanda, vinywaji, kasino, matembezi na mengineyo. Theluthi nzima hiyo. Kwaiyo chupa unayobeba wewe wanaiona kama chupa ambayo hutainunua kwao, na kwa upande wao nawaelewa.

Sasa hesabu. Chukulia umenunua chupa ya dola 12 supamaketi, ukiipeleka mezani ni 12 na 15, jumla 27. Kwenye meli yetu waini za bei ya chini kwenye orodha zilikuwa zinaanzia kwenye dola 40 hivi, tuseme 42, na hapo bado hujaongeza asilimia 18 ya huduma ambayo inaingia yenyewe, inafika dola 49 na senti 56. Ukisema unywe kwa glasi ndo unaumia kabisa, glasi dola 13, chupa moja inatoa glasi tano, hiyo ni 65, weka asilimia 18 unakuta dola 76 na senti 70 kwa waini kiasi kilekile. Kwaiyo hata ukiwa na chupa ya kawaida, ukilipa kokeji bado umeokoa zaidi ya dola 20 ukilinganisha na kununua chupa yao, na ukilinganisha na glasi glasi ni karibu dola 50. Hiyo ndo sababu nasema wanaoikasirikia kokeji alafu wanaagiza glasi mbili mbili kila jioni wanajiumiza bure.

Ila upande wa pili, chupa ya dola 7 ukiilipia 15 maana yake kukaa nayo mezani kumekugharimu mara mbili ya waini yenyewe, hiyo mi sioni sababu. Hiyo inywe chumbani, barazani kwenye kibaraza chenu kama mnacho, jua linazama mmekaa zenu. Mwombe mhudumu wa chumba kizibuo na glasi za waini za ukweli, wetu alileta zote ndani ya dakika chache wala hakuuliza kitu. Na wapo wengi wanaomimina glasi moja chumbani wakashuka nayo mkononi mpaka kwenye chakula, chupa imebaki juu, hakuna anayewauliza wala kuwalipisha. Mume wangu alifanya hivo jioni kadhaa, wahudumu walimwona wakamkaribisha kama kawaida. Kwa watu wawili wanaokunywa glasi moja moja hiyo inatosha sana, kwa meza ya watu sita wenye safari ya ngazi na lifti kutoka ghorofa ya juu inachosha.

Chupa ambayo mi natetea kuilipia ni ile meli haina. Shemeji alikuja na waini nyekundu ya Dodoma, moja tu, maana forodha ya Marekani inaruhusu lita moja ya pombe bila ushuru kwa mtu wa miaka 21 kwenda juu na yeye hakutaka mambo mengi uwanjani. Ilikuwa imeviringishwa kwenye vitenge viwili vya mama mkwe katikati ya begi, imesafiri Dar mpaka Houston haijapata hata mkwaruzo. Ile chupa kuinywea chumbani kwenye glasi huku mmekaa kitandani isingekuwa haki. Tukaitunza mpaka ule usiku wa kuvaa rasmi, wote tumependeza, mama kavaa kitenge chake kilekile kilichofunga chupa, tukaibeba wenyewe mpaka mezani.

Weita wetu, Mindonesia mmoja mtaratibu sana, aliipokea kwa mikono miwili, akasoma lebo, na kabla hajagusa kizibuo akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna ada ya dola 15, je afungue. Hicho kitendo kidogo mi nakipa maksi zote. Hakufungua kwanza ndo alete bili. Tuliposema ndio alileta glasi kubwa za waini nyekundu, akafungua pale mezani, akammiminia shemeji kidogo aonje kwanza kama mwenye chupa, akasubiri, ndo akatuzungukia wengine. Akauliza Tanzania wanalima zabibu kweli? Shemeji akapata pa kusemea, akamweleza Dodoma na ukame wake, kwamba pale wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, weita akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone lebo. Shemeji ni mtu wa Dodoma, nilimwona alivyofurahi, na mi kwa hilo dola 15 naona ni ndogo. Hakuna orodha ya waini ya meli yoyote niliyoiona ambayo ungeagiza Dodoma ukaletewa.

Mama ameokoka hanywi, na kisheria yeye pia alikuwa na nafasi ya chupa moja, kuna mtu alitushauri tumpe abebe ili tuwe nazo tano. Hatukufanya hivo na wala hatukumgusia. Kama mzee wako hanywi mwacheni na begi lake na Biblia yake, chupa nne kwa safari fupi zinatosha.

Waini ya Dodoma hatukuimaliza usiku ule kwa sababu kulikuwa na chakula kingi, na hapa ndo kuna huduma ambayo watu wengi hawaijui. Ukilipa kokeji wanakutunzia iliyobaki. Weita aliziba chupa, akaandika namba ya chumba chetu kwa kalamu ya wino mzito kwenye lebo, ikaenda kuhifadhiwa, na jioni iliyofuata tunakaa tu tunaikuta inaletwa kabla hata hatujaiulizia. Kwaiyo zile dola 15 zinaweza kukuhudumia jioni mbili, msikimbilie kuimaliza.

Lakini kesho yake ndo likatokea lile jambo. Jioni ya pili weita wetu alikuwa hayupo, aliyekuwepo alituhudumia vizuri tu, kesho asubuhi nafungua apu ya meli naangalia akaunti yetu naona kokeji imeingia mara mbili, dola 15 ya usiku wa kwanza na dola 15 nyingine ya usiku wa pili kwa chupa ileile moja. Niseme ukweli iliniudhi, sio kwa sababu ya ukubwa wa hela, ni kwa sababu chupa ilikuwa na namba ya chumba juu yake, aliyeileta aliona imeshafunguliwa na iko nusu, kokeji ya nini tena? Nikashuka kaunta ya huduma kwa wageni na ile karatasi ya usiku wa kwanza niliyosaini, foleni ilikuwa ndefu kidogo, dada wa kaunta akapiga simu ukumbi wa chakula, wakathibitisha, ile hela ikafutwa palepale nikiwa nimesimama. Hakunibishia, na hilo nalisifia. Ila fikiria familia ambayo haiangalii akaunti mpaka asubuhi ya kushuka, kila mtu anakimbilia begi na pasipoti, hiyo hela imekwenda. Kwaiyo ile karatasi unayosaini usiitupe, na akaunti iangalie kila siku kwenye apu, inachukua dakika moja. Na kampuni zenyewe zingeweza kulimaliza hili kirahisi sana, weita akishaandika namba ya chumba aandike na kwamba imelipiwa.

Kitu kingine ambacho hakikunipendeza ni namna taarifa inavyotolewa. Wakala aliyetuuzia tiketi alisema tu mnaruhusiwa kubeba waini yenu, akaishia hapo. Kwenye tovuti ipo, lakini utembee na kurasa za maswali mpaka uifikie. Meza ya jirani walikuwa wazee wawili wa makamo, walikuja na shampeni yao ya kusherehekea ndoa, weita wao akawafungulia kwanza ndo karatasi ikaja, yule mama alinyamaza chakula chote. Mtu anakubali kulipa akiambiwa mapema. Dola 15 ya kushtukiza inaharibu jioni ambayo watu wameiwekea akiba mwaka mzima, na haimgharimu mtu chochote kusema bei kabla ya kuzibua.

Kwa wanaolinganisha kampuni, msichukulie zote ni sawa. Norwegian wao (ndo wenye ile meli Norwegian Dawn iliyowahi kutia nanga Zanzibar na Mombasa) hawana kikomo cha chupa za waini, beba unavyoweza, ila kila chupa ya 750 unalipia dola 15 unapopanda na ile kubwa ya lita moja na nusu dola 30, haijalishi utainywea chumbani au mezani. Hapo hesabu inabadilika kabisa, chupa ya dola 7 usiibebe maana hakuna pa kuinywea bure, beba zile nzuri, na faida yake ni kwamba ukishalipia mlangoni unatembea nayo hadi mgahawa wowote bila kuulizwa tena. Kwa kundi kubwa lenye sherehe mi naona huo utaratibu ni mzuri kuliko wa chupa moja moja. Princess chupa ya kwanza ya kila mtu mzima ukiinywea chumbani ni bure, za ziada wanatoza dola 20 kila moja popote utakapoinywea. Disney ndo wakarimu kwa idadi, kila mtu mzima chupa mbili za waini au bia sita, siku ya kupanda na tena kila bandari mnayoshuka, japo kokeji yao ya mezani inapita dola 20. Viking hawatozi kabisa, unaleta chupa yako mezani unakunywa kwa amani, ila tiketi zao zenyewe ni za bei nyingine na hawapokei watoto chini ya miaka 18. MSC, ambao ndugu zetu wa kusini wanawapandia Durban, kwa miaka mingi msimamo wao umekuwa hapana, usije na kinywaji chako, na mi huo ndo utaratibu nisioupenda kuliko wote. Bora unitoze kuliko kunikatalia chupa niliyopewa na baba yangu.

Alafu kuna hizi pakeji za vinywaji, kuanzia dola 60 kwenda juu kwa mtu kwa siku, na kwa Carnival na Royal Caribbean mtu mzima mmoja chumbani akinunua ya pombe na mwenzake wa chumba hichohicho inabidi anunue. Kwa Carnival ile pakeji yenyewe ina kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa siku. Kama wewe ni mtu wa glasi mbili za waini na chakula cha jioni basi, hiyo pakeji sio yako, hata ulipe kokeji kila jioni bado uko mbele sana. Wauzaji pale bandarini watakuzunguka nayo na tabasamu zao, waambie asante.

Kwa waini tu, meli yetu naipa nne kati ya tano. Weita wa usiku wa kwanza peke yake ningempa tano, na tulimwachia chake mkononi siku ya mwisho mbali na ile bakshishi ya kila siku inayokatwa kwenye akaunti. Moja nimeikata kwa ile kulipishwa mara mbili na kwa kutoambiwa mapema na waliotuuzia tiketi.

Na kwa mnaopandia Galveston, mkishuka Cozumel mkanunua chupa, meli inazishikilia mkirudi ndani na mnapewa mwisho wa safari, hizo hazisaidii kitu mezani. Alafu mkitia mguu Texas kuna meza ya TABC palepale bandarini, watu wa pombe wa jimbo, wanatoza kodi yao kwa kila chupa mnayoingia nayo, hiyo ni mbali na forodha. Shemeji alinunua tekila mbili za kupeleka Dar, akalipa pale dirishani, wakabandika stika kila chupa, tukatoka.